Ile H kwenye karatasi ya mama

Niko na faili ya plastiki ya bluu, na ndani kuna karatasi zote za hospitali za mama kuanzia 2018. Kuna moja nimeipiga picha ikakaa kwa simu na siwezi kuifuta. Ni ya labu, ya Oktoba 2018, wakati alipimwa damu ju ya mawe ya figo. Iko na mistari kama kumi na tano hivi, sodiamu, potasiamu, kriatinini, na kule chini karibu na mwisho imeandikwa kalsiamu 2.79, alafu kando yake herufi moja, H, yaani imepita kiwango. Hakuna mtu aliizungushia kalamu. Hio karatasi ilipita kwa madaktari wawili, ikapita kwa mkono wangu mimi, nikaikunja nikaitia kwa faili, ikakaa humo miaka mitatu na miezi mitano ndio ikapata mtu wa kuisoma.

Kazi yangu ni kufunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, nashinda siku nzima nikitafuta nambari iliyokaa vibaya. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mama ana kibanda cha mboga huku Umoja, Nairobi, sukuma, spinachi, nyanya, kabichi, managu siku zikiwa nzuri. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameamka saa kumi asubuhi kwenda soko la Muthurwa kuchukua mzigo, arudi na matatu ya kwanza kwanza, akate sukuma mpaka usiku saa tatu. Si mtu wa kulalamika. Kwa hivyo vile alianza kulalamika tulifikiria ni uzee unaingia, ati miaka hamsini na sita ni uzee.

Ya kwanza ilikua mawe ya figo, 2018. Alilia usiku mmoja vile sijawahi kumskia akilia, akashikilia ubavu wa kushoto, tukaenda naye emajensi, wakampa sindano ya maumivu na wakamwambia anywe maji mingi. Mwaka uliofuata mawe yakarudi, upande ule mwingine. Katikati ya hapo kukawa na kiu, anakunywa maji lita mbili tatu na anaenda choo usiku mara nne mara tano, na kila mahali tukienda wanampima sukari, sukari iko sawa mama, rudi nyumbani. Alafu tumbo, kiungulia na kufunga choo siku nne tano, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Alafu 2020 na korona yake akaanza kunyamaza. Anakaa kwa kiti anaangalia ukuta. Anasahau amepewa noti ya ngapi, anarudisha chenji mara mbili kwa mteja mmoja, na mama hajawahi kukosea chenji maisha yake yote. Dada yangu akasema ni mawazo, mchungaji akasema tuombe, mtu wa kliniki akaandika dawa za kulala.

Na mifupa. Mifupa ilikua inamuuma yote, mapaja, miguu upande wa mbele, mikono, hadi anashika ukuta akiinuka.

Sasa hapo kwa mifupa ndio tulikosea kabisa. Kila mtu anajua mifupa ikiuma ni kalsiamu imepungua, si ndio? Jirani alisema hivyo, kemisti alisema hivyo, mimi nilisema hivyo. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilikua nanunua mkebe wa tembe za kalsiamu, zile kubwa za kutafuna. Kila Jumamosi supu ya mifupa, tunachemsha kutoka asubuhi mpaka mfupa ubakie mweupe (na nilikuja kuambiwa baadaye kalsiamu ndani ya hio supu ni kidogo sana, maziwa au omena ya kuliwa na mifupa yake inashinda hio supu mbali). Maziwa glasi mbili. Na kiungulia kikimshika anatafuna vile vidonge vya asidi vya kemisti, ambavyo vingi vyenyewe ni kalsiamu kaboneti. Nilikua namwangalia akimeza na ninaskia moyo wangu umetulia, naona mama anatunzwa.

Machi 2022 alikua Muthurwa, akaegemeza mkono kwa gunia la kabichi alisukume ndani ya mkokoteni. Hakuanguka, alisukuma tu. Akaskia kitu kimelia kama kijiti kikavu na kifundo cha mkono wa kulia kikaning'inia.

Kwa kliniki ya mifupa tulipata daktari kijana, sijui kama alikua amefika miaka thelathini. Aliangalia eksirei kwa muda mrefu kuliko venye nimezoea, alafu akaacha kuongea mambo ya mkono akaanza kuuliza vitu vingine kabisa. Mama, umewahi kupata mawe ya figo? Mara ngapi? Unafunga choo? Unaamka usiku kukojoa? Unasahau sahau siku hizi? Mama anajibu ndio, ndio, ndio, na mimi nimekaa hapo naona miaka minne yetu yote ikipangwa kwa laini moja. Akauliza kama tuko na karatasi za zamani. Nikampa faili ya bluu. Akapekua, akafika kwa ile ya 2018, akaweka kidole kwa ile H na akanyamaza. Alafu akaniuliza polepole, kuna mtu aliwaambia kitu kuhusu hii?

Akaandika vipimo: kalsiamu irudiwe pamoja na albumini, fosfeti, magneziamu, kriatinini, vitamini D, na homoni inaitwa PTH, homoni ya parathairoidi. Nilikua sijawahi kuiskia.

Venye alitueleza ndivyo na mimi hueleza watu. Kwa ploti yetu kuna tangi juu ya paa na ndani kuna floti, lile puto linaloelea. Maji ikishuka, floti inashuka nayo, pampu inawaka. Tangi ikijaa floti inapanda, pampu inazima. Damu ya mtu ndio tangi, na kalsiamu lazima ikae kwa laini nyembamba sana, karibu 2.2 hadi 2.6 kwa vipimo vya milimoli, ju moyo, misuli na mishipa ya fahamu zote zinaitegemea kila sekunde. Floti ni tezi nne ndogo kwa shingo, nyuma ya tezi ile ya goita lakini hazihusiani na goita, kila moja ni kama punje ya mchele. Kalsiamu ikishuka kidogo tu, zinatoa PTH, na hio PTH inafanya kazi tatu: inaamrisha mifupa iachilie kalsiamu, inaambia figo zisiimwage kwa mkojo na badala yake zimwage fosfeti, na inafanya figo ziamshe vitamini D ili tumbo livute kalsiamu zaidi kutoka kwa chakula. Kalsiamu ikipanda, tezi zinanyamaza. Iko homoni ingine inaitwa kalsitonini inayoshusha kalsiamu lakini kwa binadamu mchango wake ni mdogo.

Sasa floti ikikwama chini, pampu haizimi. Tangi imejaa, maji inamwagika kwa ukuta, na bado pampu inavuta kutoka kisimani. Kisima ni mifupa. Kalsiamu yote ya mwili wa mtu mzima ni kama kilo moja na asilimia 99 iko kwa mifupa na meno. Kile kinachomwagika kinapitia figo, kinakua mawe. Mishipa ya fahamu na utumbo zinalowa kwa kalsiamu nyingi, mtu anafunga choo, anachoka, anazubaa. Mama hakua na magonjwa matano. Alikua na floti moja imekwama.

Kwa hivyo mifupa yake ilikua inauma kwa sababu inaibiwa, na sisi tulikua tunaongeza maji kwa tangi imejaa.

Majibu yakatoka baada ya siku tano. PTH 214, mwisho wa kiwango ni 65. Na hapa kuna kitu ningetaka watu washike, daktari alisema ata kama hio PTH ingetoka 50, ambayo labu ingeiandika kawaida, bado ingekua si kawaida, ju kalsiamu ikiwa juu PTH inafaa iwe imelala kabisa chini. Hizo mbili zinasomwa pamoja, damu ya siku moja. Ukipima moja peke yake unaweza danganyika. Na ndio ilitutoa woga, kwa sababu dada yangu alikua ameshasoma kwa simu ati kalsiamu ya juu ni kansa, na kweli kansa zingine zinapandisha kalsiamu, lakini hapo PTH huwa imeshuka. Ya mama ilikua juu.

Kitu kingine kilichotuchanganya ni vipimo. Labu moja ya mtaani iliandika kalsiamu 11.4. Wiki mbili baadaye labu ya hospitali ikaandika 2.85. Dada yangu alinipigia simu kazini akilia kwa furaha, imeshuka, imeshuka kutoka kumi na moja hadi mbili! Nikamwambia ngoja. Ya kwanza ni miligramu kwa desilita, ya pili ni milimoli kwa lita, unazidisha ile ndogo mara nne. 2.85 mara nne ni 11.4. Ilikua ni ile ile, haikua imesonga ata nukta. Alinyamaza kwa simu mpaka nikafikiria imekatika. Angalieni kila mara kiwango kilichoandikwa kando, na kama mnaweza rudini labu moja.

Alafu dawa ya presha. Mama alikua anakunywa tembe ya presha yenye mchanganyiko wa haidroklorothayazaidi, dawa ya kukojoza ambayo watu wengi sana Nairobi wanaikunywa na ni dawa nzuri tu. Lakini hio aina inafanya figo zishikilie kalsiamu, inaweza pandisha kidogo. Akabadilishiwa, tukangoja wiki kadhaa tukarudia. Bado juu. Litiamu pia hufanya hivyo, nilikuja kujua.

Kukawa na kipimo cha mkojo wa saa ishirini na nne. Unapewa dumu la lita tatu, mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwaga, alafu kila tone mpaka asubuhi ya pili linaingia humo. Mama akakataa kufunga kibanda siku hio. Choo ya soko ni ya kulipia, kwa hivyo alikua anaenda na dumu ndani ya kiondo limefunikwa na leso, anarudi anakata sukuma. Alijaza dumu mpaka tukaomba la pili. Hio ilikua ya kuhakikisha si ule ugonjwa wa kurithi ambao kalsiamu ya damu iko juu lakini ya mkojo iko chini, ju wale upasuaji hauwasaidii kitu, na kuna watu wamekatwa shingo bure kwa sababu hakuna aliyepima mkojo.

Eksirei ya vidole ndio ilinivunja. Daktari aliiweka kwa mwangaza akanionyesha kidole cha kati, ule mfupa wa katikati, upande wa kidole gumba. Mfupa unafaa uwe na ukingo laini kama umechorwa na rula. Wa mama ukingo ulikua umeliwa liwa, kama mkate panya ameufikia. Mikono hio ndio imetusomesha. Alafu wakampima deksa, ile skani ya uzito wa mifupa, na wakasisitiza ipimwe hadi mkono, si mgongo na nyonga pekee, kwa sababu huu ugonjwa unapenda kula ule mfupa mgumu wa mkono, ule wa kati ya kifundo na kiwiko, kuliko kula mgongo. Mgongo wake ulikua -1.9. Mkono ulikua -3.8. Kuanzia -2.5 kushuka tayari unaitwa osteoporosisi.

Vitamini D ikatoka 11, chini sana. Hii sikuielewa. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa nyanda za juu, jua mwaka mzima, mtu anakosaje? Lakini mama yuko kwa kibanda chini ya turubai kutoka asubuhi mpaka usiku, sweta, leso, kitambaa cha kichwa. Jua halimfikii. Na nikaanza kuona kitu nilikua napita kila siku, watoto wa hizi ploti ndefu zilizokaribiana mpaka ukinyoosha mkono unashika nguo za jirani, mtoto anazaliwa ndani, analelewa ndani na yaya, anafungiwa ju nje kuna magari. Mtoto wa jirani wa floo ya kwanza alikua na matege, na vifundo vya mikono vimevimba, akapelekwa kliniki. Kwake hadithi ilikua kinyume: vitamini D hakuna, kalsiamu ya chakula haiingii, tezi zake nzima zinapiga kelele zikijaribu kusaidia, PTH iko juu lakini kalsiamu iko chini, na mifupa inayokua inabaki laini, inapinda. Akapewa vitamini D na kalsiamu na kuota jua. Ameanza kunyooka. Kwake kalsiamu ilikua dawa, na nyumba ya juu yake kwa mama ilikua sumu, na wote wawili mtaa uliwaambia neno moja tu, mifupa inauma ongeza kalsiamu.

Dawa ya kudumu ya floti iliyokwama ni kuitoa. Wakatafuta ni gani kati ya zile nne, kwa altrasaundi na ile skani ya kudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, sestamibi, na zote mbili zikaonyesha ya chini kushoto. Kwa watu wengi, kama wanane kati ya kumi, huwa ni moja tu imevimba, na si kansa. Mganga wa upasuaji tulimuuliza swali moja ambalo yule daktari kijana alitufundisha tuulize: unafanya hizi ngapi kwa mwaka? Hakuchukia. Alijibu, na alitueleza hatari, kwamba kuna mshipa wa sauti unapita hapo hapo nyuma. Mama ni wa kwaya, sauti ya pili. Akasema, daktari, toa tu, nikibaki bila sauti nitapiga makofi.

NHIF wakati huo ililipa sehemu, chama cha mama kikatoa, mimi nikachukua advansi, na watu wa kwaya wakatuma kwa simu mia mbili mia tatu mpaka dipoziti ikatimia. Upasuaji ulikua Agosti 2022. Saa moja na nusu. Wakanionyesha kwa kikopo, kitu cha rangi ya kahawia-manjano, kikubwa kama tende. Kilitakiwa kiwe punje ya mchele. PTH inaisha kwa damu kwa dakika chache tu, kwa hivyo walimpima akiwa bado kwa meza, ilikua imeshuka kwa zaidi ya nusu, wakajua wamepata yenyewe.

Nikiwa nangoja hapo kwa benchi nilisoma sana. Hizo tezi kwa binadamu zilielezwa na mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala kule Uswidi, Ivar Sandström, 1880, na watu hawakumjali. Alafu kuna kondakta wa tramu wa Vienna, Albert Jahne, mifupa yake ilikua inavunjika, na wataalamu wa wakati ule walifikiria tezi zake zinavimba kwa sababu zinajitahidi kusaidia mifupa, kwa hivyo daktari wake, Felix Mandl, alianza kwa kumuongezea, akampa dawa ya tezi, akampandikizia tezi za mtu aliyekufa. Akazidi kuumia. Ndio 1925 Mandl akageuza mawazo, akafungua shingo akatoa uvimbe, na mtu akapata nafuu. Nilisoma hapo mara mbili. Yaani ata wao walianza kwa kuongeza. Na kuna nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, aliyepungua urefu mpaka hakutambulikana, akapasuliwa mara sita bila uvimbe kupatikana, ukapatikana mara ya saba, 1932, ulikua kifuani badala ya shingoni, akafa wiki chache baadaye. Sikumsomea mama hio.

Siku ya kwanza kalsiamu 2.31. Siku ya pili tukaruhusiwa, na tukapewa begi la dawa: kalsiamu, tembe mbili mara tatu kwa siku, na alfakalsidoli, aina ya vitamini D ambayo haihitaji kuamshwa na figo.

Na hapa ndio nilikosa, na nimeandika yote haya ili nifike hapa. Miezi mitano nilikua nimehubiri kwa nyumba yetu kwamba kalsiamu ni sumu kwa mama. Nilitupa mikebe. Nilifokea dada yangu akileta maziwa ya ziada, na ata hapo nilizidisha, daktari hakua amekataza chakula cha kawaida, alikataza tembe. Kwa hivyo vile nilirudi kazini nikamwachia dada yangu zamu ya dawa, alisoma jina kwa pakiti, kalsiamu, akafikiria hospitali imekosea. Akampa moja asubuhi, zingine akaziweka kando aniulize jioni. Jioni nilichelewa, jam ya Jogoo Road. Siku mbili zikaenda hivyo.

Usiku wa nne baada ya upasuaji mama aliniamsha. Akasema midomo imekufa ganzi, kama amelamba pilipili. Nikamwambia ni dawa ya usingizi ya tieta inaisha, lala. Saa tisa akaniita tena na safari hii sauti ilikua ya woga. Nikawasha taa. Vidole vya mikono yote miwili vilikua vimepinda pale vinapoanzia, vyenyewe vimenyooka na kubanana, gumba limeingia ndani, kama mtu anayeokota chumvi kwa sufuria. Nilijaribu kuvifungua kwa nguvu zangu na havikufunguka. Alikua ananiangalia, anajua kila kitu, na mikono yake haimtii.

Tuliamsha jirani mwenye teksi. Kwa emajensi sista alimgonga shavuni kwa kidole, hapo mbele ya sikio, na mdomo wa mama ukaruka upande ule. Akagonga tena, ukaruka tena. Hakungoja labu, akaita daktari. Kalsiamu ikatoka 1.71, magneziamu nayo chini, na bila magneziamu ya kutosha tezi zenyewe hazitoi PTH vizuri. Wakamwekea waya za moyo, alafu kalsiamu glukoneti kwa dripu, polepole kabisa, sista amesimama hapo anaangalia skrini, ju ikiingia haraka inaweza simamisha moyo na ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama. Dakika kumi, kumi na tano hivi, vidole vikaanza kulegea, kimoja kimoja.

Wanaiita mifupa yenye njaa. Miaka yote hio mifupa ilikua inanyang'anywa, na siku floti mbovu inatolewa, inageuka inavuta kalsiamu yote ya damu irudishe iliyopotea, usiku na mchana. Na zile tezi tatu zilizobaki zimelala kwa miaka, haziamki kwa siku moja. Wenye mifupa imeliwa kama ya mama na vitamini D iko chini ndio huangukia hapo zaidi. Hizo tembe zilikua za kulisha mifupa huku damu ikibaki salama. Kitu kile kile nilichotupa.

Tulikaa wodini siku sita. Dada yangu hakula siku mbili, alikua anajilaumu, na nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi niliyemfundisha neno nusu. Kama mtu wako anatolewa hizi tezi, tafadhali, kabla mtoke hospitali ulizeni mbele ya kila mtu atakayekua nyumbani: anakunywa ngapi, saa ngapi, na midomo ikiingia ganzi tunafanya nini. Tembe za kalsiamu kaboneti zinywewe na chakula, zinahitaji asidi ya tumbo. Na ganzi ya midomo au vidole haingoji asubuhi.

Alikunywa dozi kubwa kama miezi mitatu, tukapunguza polepole, damu kila wiki, alafu kila mwezi. Choo kilifunguka kabla ata kidonda kikauke. Kiu ikaisha. Sauti ilikwaruza wiki mbili ikarudi. Lakini kilichonirudishia mama ni siku moja ya Novemba, nimesimama kwa kibanda, mteja ametoa elfu moja ya vitu vya mia na themanini na tano, na mama bila kuinua macho kutoka kwa kisu akasema mia nane kumi na tano, na ya jana ulibaki na deni ya ishirini.

Deksa ya 2023 mkono ulikua -3.1. Mifupa inarudi, polepole, si yote. Mawe hayajarudi. Mimi na dada yangu tulipimwa kalsiamu pia, kwa familia zingine hii huenda kwa watoto, zetu ziko sawa.

Siku hizi watu wa kwaya na wateja humletea karatasi zao za labu, yeye si daktari na huwaambia hivyo, lakini anashuka na kidole kwa mistari mpaka apate ile ya kalsiamu, na kama kuna H anawaambia rudini kwa daktari na mumuulize PTH, leo. Wengine wanaambiwa ni kitu kidogo, warudie tu, na mara nyingi ni kweli, mkono ukifungwa kamba muda mrefu wakati wa kutoa damu kalsiamu inaweza kupanda kidogo. Wawili hazikushuka. Mmoja amepangiwa upasuaji.

Kipimo chake kingine ni mwezi ujao. Ameandika tarehe kwa kile kitabu cha madeni, ukurasa wa nyuma, pale anaweka namba zake zote kwa biro nyekundu, ya mwisho ni 2.36. Tunachobishana sasa ni Muthurwa. Anataka kubeba mwenyewe, mimi nataka alipe mtu wa mkokoteni, na juzi nimempata ameshika gunia la kabichi kwa ule mkono wa kulia, analivuta.